Nilipotoka Kwenye Kadi ya Baba

Kampuni ya bima haimwandikii kijana anayetolewa kwenye kadi. Humwandikia mzazi, au mwajiri wa mzazi, kwa kuwa mkataba ni wao. Wengi wetu basi huipata habari tukiwa mezani tunakula: "Mwanangu, mwaka huu jina lako halimo." Mimi nilitimiza miaka 25 mwaka 2024, mwaka uleule ambao serikali ya Kenya iliifunga NHIF, hazina ya bima iliyokuwapo tangu 1966, na kuanzisha SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Baba ni karani bandarini Mombasa, na bima ya kazini kwake ndiyo iliyonitibu pumu tangu utotoni. Mimi huweka hesabu za maduka na ofisi ndogo ndogo, leo hapa kesho pale, bila ajira ya kudumu. Haya nayaandika kwa kijana aliye kama mimi. Mwenye ajira ya kudumu mengi huamuliwa na ofisi yake, ingawa naye yako mambo mawili matatu yanayomhusu.

1. Miaka 25 ina masharti yake

Mtaani utasikia kwamba mtoto hubaki kwenye bima ya wazazi mpaka miaka 25. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamhesabu mtoto kuwa chini ya mzazi mpaka atimize miaka 21, ikiwa hana kipato chake na anaishi na mzazi huyo. Kutoka hapo hadi 25 ni kwa yule aliye masomoni kwa muda wote, au anayejifunza kazi kwa mkataba, na ambaye hapokei pesa nyingine isipokuwa ya ufadhili wa masomo. Mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kwa kila kitu anazingatiwa kivyake.

Bima za kampuni binafsi ni habari nyingine kabisa. Kila kampuni ina mkataba wake, na mkataba ndio unaosema. Ya Baba ilitaka barua ya chuo yenye muhuri kila mwaka bima ilipohuishwa. Kwa kuwa nilikuwa bado nafanya mitihani ya uhasibu, barua niliipata, na hivyo nikavushwa mwaka baada ya mwaka hadi 25 ikafika. Rafiki yangu aliyemaliza chuo akiwa na miaka 22 na kukaa nyumbani akitafuta kazi aliondolewa pale pale, wala hakuwa na kipato. Yeye ndiye aliyehitaji bima kuliko mimi, ila kanuni haikuuliza hivyo.

Kwa hiyo kuna milango miwili, wa SHA na wa kampuni, na mtu anaweza kutolewa mmoja akabaki mwingine. Muulize mzazi mambo mawili tu: jina langu linatoka siku ya kuzaliwa au mwisho wa mwaka wa bima? Na kati ya hizo bima mbili, ninatoka ipi kwanza? Tofauti ya siku ya kuzaliwa na mwisho wa mwaka wa bima inaweza kuwa miezi kadhaa, na miezi hiyo ndiyo utakayoihitaji kujipanga.

Binamu yangu aliyeko Marekani alinicheka niliposimulia habari za muhuri wa chuo. Kule sheria ya mwaka 2010 inamruhusu mtoto kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka 26, awe anasoma au hasomi, hata awe ameoa. Alicheka mpaka aliponiambia bei ya kujitegemea baada ya hapo. Nikacheka mimi.

2. Kusajiliwa si kulipa

Usajili wa SHA ni bure na hauchukui muda: unabonyeza *147# kwenye simu, unaweka nambari ya kitambulisho, unajibu maswali. Watu wengi huishia hapo, wakaweka simu mfukoni wakidhani wana bima. Hawana. Mamilioni ya Wakenya wamesajiliwa, na wasio na mshahara wanaolipa miongoni mwao ni wachache mno.

Lakini usidharau usajili wenyewe. Sheria ya 2023 iligawa fedha mafungu matatu: hazina ya afya ya msingi, hazina ya bima yenyewe, na hazina ya dharura pamoja na maradhi sugu na mazito. Ya kwanza inatoka serikalini. Maana yake ni kwamba kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, aliyesajiliwa anastahili kutibiwa bila kutoa kitu hata kama hajachangia shilingi. Homa, kidonda, kupima malaria, mambo ya namna hiyo. Mchango ndio unaofungua ngazi ya nne kwenda juu: kulazwa, upasuaji, vipimo vikubwa.

Nimejifunza kuanzia chini. Vijana wa mjini tumezoea kukimbilia hospitali yenye kiyoyozi kwa kikohozi cha siku mbili, kwa sababu kadi ya mzazi iliruhusu.

3. Hesabu, na anayeifikisha

Hili ni la kazi yangu, nivumilieni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiasi cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Hakuna kiwango cha juu. Mwenye Sh30,000 anakatwa Sh825. Mwenye Sh100,000 anakatwa Sh2,750, wakati NHIF ilimkata Sh1,700. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huu huondolewa kwanza kabla ya kukokotoa kodi ya mshahara, kwa hiyo maumivu ni madogo kidogo kuliko yanavyoonekana. Mwajiri hachangii juu yake, lakini ni kazi yake kuzifikisha pesa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Hapo kwenye kufikisha ndipo ninapowasisitizia wadogo zangu wanaoanza kazi. Makato yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara hayajawa malipo mpaka yafike. Nimewahi kukabidhiwa daftari la duka moja ambamo wafanyakazi walikuwa wakikatwa kila mwezi, na pesa zimekaa kwenye akaunti ya tajiri zikinunua bidhaa. Msichana wa kaunta aligundua akiwa amempeleka mtoto hospitali. Ingia kwenye akaunti yako ya SHA mara moja moja, utazame kama miezi yako imesomeka. Usione haya kumuuliza tajiri; ni pesa zako.

Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, na kabla ya kuambiwa kiasi gani anaulizwa maswali ya kupima uwezo: kuta ni za nini, paa, sakafu, choo, maji yanatoka wapi, taa ni za nini, mna mifugo? Kima cha chini ni Sh3,600 kwa mwaka. Nilipokuwa nikiyajibu sebuleni kwetu, Mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. "Na friji," akauliza, "watataka kujua ni ya nani?" Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Maswali yale hutazama kaya, hayaingii mfukoni mwa mtu mmoja. Kijana anayeishi kwenye nyumba ya vigae aliyojenga babake anafaa kulijua hilo mapema, ili asishtuke kiasi kikija.

Mwaka mzima kwa mkupuo ni mzito kwa kibarua. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo: unalipiwa mchango wa mwaka, nawe unarudisha kidogo kidogo. Mimi sipendi mikopo ya vitu ninavyovijua vinakuja. Mchango wangu nauwekea akiba kila mteja anaponilipa, pembeni na pesa za matumizi, na mwaka ukiisha upo.

4. Orodha ya WhatsApp

Binamu yangu mwingine, mtoto wa ami, alitoka kwenye bima ya babake alipomaliza diploma. Alisajiliwa SHA, hakulipa. Alisema atalipa mambo yakikaa sawa. Yalikuwa hayajakaa sawa bado pale bodaboda aliyopanda ilipogongwa ubavu na matatu karibu na Kongowea. Mfupa wa paja ukavunjika, na ikaonekana lazima atiwe chuma.

Hospitali iliyompokea ilitaka amana kabla ya upasuaji. Kufikia magharibi kundi la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa, nami nikafanywa mweka hazina, maana katika ukoo wetu anayejua hesabu hana pa kujificha. Anayefahamu michango hii anajua inavyokwenda. Ujumbe wa M-Pesa unaingia, unainakili orodha, unaongeza mstari mmoja chini, unaituma tena:

Ami mkubwa – 10,000
Mama – 3,000
Halati wa Likoni – 2,000
Mwalimu mstaafu – 2,000
Vijana wa maskani – 1,350
Babu – ahadi, mbuzi mmoja

Orodha ilitumwa na kutumwa tena usiku kucha. Kila ilipokwama, mtu aliandika "tusichoke jamani", na hapo majina mawili matatu yakaongezeka. Niliitazama kwa jicho la kazi. Waliotoa pesa nyingi wote walikuwa watu wazima wenye maradhi yao wenyewe. Ami ana presha. Mama ana kisukari. Mwalimu anangoja upasuaji wa mtoto wa jicho. Sisi wa rika la mgonjwa tulitoa mia mbili mia tano, tukaweka na alama ya mikono ya dua.

Hapo ndipo nilipoona bima yangu ni ya nani. Kijana mzima anajiuliza: mimi naumwa nini mpaka nilipe bima? Swali hilo linamhusu yeye na mwili wake. Siku mwili ukigoma, halipi yeye. Wanalipa wanaompenda, na wanaompenda aghalabu wana umri wa kuumwa. Kijana asiye na bima hajatoka kwenye mfuko wa wazazi wake, ametoka kwenye kadi yao tu.

Mwishowe ami alimlipia binamu mchango wa SHA wa mwaka mzima pale pale hospitalini. SHA ikabeba fungu lake, orodha ikabeba lililobaki. Tangu siku ile nimesikia vijana wakisema, kumbe, basi ngoja uugue ndipo ulipe. Wafikirie vizuri. Binamu yangu alikuwa hajitambui, simu yake imefungwa kwa nambari ya siri, na aliyelipa alitafutwa Malindi. Pia hazina ambayo kila mtu anaingia akiwa kitandani haina pesa ya kumtibu mtu, kwa sababu wazima ndio wanaowalipia wagonjwa. Haihitaji shahada ya uhasibu kuliona hilo.

Neno moja kuhusu madeni, kwa kuwa liliulizwa sana kwenye kundi lile. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Jaji alisema kumfungia mgonjwa kwa ajili ya deni ni kumnyima haki. Deni lenyewe halifutiki, na hospitali inaweza kulidai kwa njia za kisheria. Lakini mgonjwa si dhamana.

5. Fomu ijaze kwa mkono wako

Baada ya SHA nilitaka na bima ya kampuni ya kujazia juu, kwa sababu niliona kiwango ambacho SHA inalipa kwa siku ya kulazwa. Katika viwango vilivyotangazwa 2024 ilikuwa Sh3,360 kwa hospitali ya ngazi ya nne, Sh3,920 kwa ya tano na Sh4,480 kwa ya sita. Kwenye hospitali ya serikali pesa hizo zinakwenda mbali. Kwenye hospitali binafsi ya mjini hazifiki jioni.

Wakala aliyeletwa na jirani alikutana nami mkahawani, akaniagizia chai, akatoa fomu na kalamu. Tukajaza jina, kazi, uzito, urefu. Tulipofika kwenye jedwali la maradhi aliiweka kalamu yake mbele ya yangu.

"Hapo kote weka hapana, dada."

"Nina pumu."

"Ya utotoni?"

"Nina pampu kwenye mkoba."

Akatabasamu. "Pumu nusu ya Mombasa wanayo. Ukiandika, bei inapanda na watakusumbua. Usipoandika nani atajua?"

Daktari ndiye atakayejua. Faili langu la hospitali lina pumu tangu darasa la kwanza, na bima ya Baba ililipa kila pampu. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba: kampuni haikupimi, inakuuliza, na ikigundua ulificha jambo la maana ina haki ya kukataa dai au kuuvunja mkataba wote. Haitakataa mwezi wa kwanza unapoleta risiti ya dawa ya kifua. Itakataa siku ya dai kubwa, kwa sababu dai kubwa ndilo linalofunguliwa faili. Na wakala wakati huo ameshachukua kamisheni yake, yuko mkahawa mwingine anamnunulia mwingine chai.

Niliandika ndiyo, nikaeleza dawa ninazotumia na mara ya mwisho niliyolazwa. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: wamenikubali, ila pumu haitalipiwa mwaka wa kwanza, na kuanzia wa pili italipiwa mpaka kiasi fulani, si zaidi. Sikufurahi, lakini nililijua. Mwaka ule wa kwanza nilijua pumu ni juu yangu na SHA, ajali na mengineyo ni juu ya kampuni. Mtu anaweza kuishi na jambo analolijua.

Ukitaka kuhakikisha wakala au kampuni ina leseni, ulizia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Huko ndiko pia malalamiko yanakopelekwa ikiwa kampuni inakuzungusha.

6. Miezi ya kungoja huanza kuhesabiwa siku ya kulipa

Bima ya kampuni anayoinunua mtu peke yake hailipi kila kitu kuanzia kesho. Ajali aghalabu inalipwa mara moja. Ugonjwa wa kawaida hungojewa kama mwezi, upasuaji zaidi ya hapo, maradhi uliyokuja nayo mwaka, na uzazi miezi kumi au zaidi. Kampuni hutofautiana, soma ya kwako. Muda huo ndio sababu ya kuanza kutafuta ungali kwenye kadi ya mzazi. Aliyeanza kulipa miezi miwili kabla ya jina lake kutolewa, jina likitoka atakuwa ameshavuka ngojeo la kwanza.

Kwa wasichana wanaopanga kuolewa karibuni, hesabuni kwa kurudi nyuma. Bibi harusi akinunua bima ya uzazi mwezi wa arusi na Mungu akamjalia haraka, mtoto anaweza kutangulia bima. SHA upande huu ni nyepesi: viwango vya 2024 vilikuwa Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali binafsi hutoza zaidi, kwa hiyo linganisha na bei ya mahali unapotaka kujifungulia, na umuulize mapema mweka hesabu wao atakudai nini juu.

Kingine cha kuamua mapema: unanunua kulazwa peke yake, au kulazwa pamoja na matibabu ya nje? Sehemu ya matibabu ya nje ndiyo inayopandisha bei, na sababu yake ni rahisi, watu huitumia kila mara. Mimi nilichukua kulazwa tu. Dawa ya mafua najilipia, na zahanati ipo. Ninachokiogopa ni bili ya kitanda na chumba cha upasuaji, na hicho ndicho nilichokinunulia bima. Mwenye mtoto mdogo asinifuate mimi, mtoto mdogo ni mgonjwa wa nje kwa kazi yake.

7. Ukipewa kazi, uliza bima kabla ya nauli

Bima ya pamoja ya kazini ni nzuri kuliko unayoinunua peke yako, hata zikiwa na kiasi kilekile. Kampuni ikiandikisha watu wengi kwa pamoja mara nyingi huwachukua na maradhi yao, bila kumwambia mwenye pumu angoje mwaka. Ndiyo maana mimi nikiitwa mahali kwa mkataba wa mwaka huuliza: bima inaanza lini, siku ya kwanza au baada ya miezi ya majaribio? Inafika kiasi gani kwa kulazwa? Nikiacha kazi inakwisha siku hiyo au mwisho wa mwezi? Wengine huona ni maswali ya mtu mgonjwa. Sijali.

Wasio na mwajiri wanaweza kuingia kwa kupitia chama au sacco, kwa kuwa zipo kampuni zinazoandikisha vikundi ikiwa watu wanatimia idadi wanayoitaka. Chama chetu cha wanawake tumelizungumza hili mara nyingi kuliko tulivyolitenda.

8. Vibima vya simu

Kuna bima za pesa kidogo zinazokujia kwa ujumbe wa simu: unakatwa shilingi chache kwa siku, na ukilazwa unalipwa kiasi fulani kwa kila usiku. Si ulaghai, zinasaidia nauli na chakula cha anayekuuguza. Lakini hazimlipi daktari. Usiziite bima ya afya ukatulia.

9. Kutoka kwangu kulimfaa Mama

Hili sikulitarajia. Bima ya Baba ina kikomo cha matibabu ya nje ambacho ni cha familia nzima, hakigawanywi kwa kila mtu. Miaka yote pampu zangu, meno ya mdogo wangu na kisukari cha Mama vilikuwa vikichota kisima kimoja, na kufikia Septemba au Oktoba Mama alikuwa akinunua vijiti vya kupimia sukari kwa pesa za mboga. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu Mama hakusema. Nilikuja kuliona nilipoketi na Baba kusoma taarifa ya matumizi ya mwaka, kwa mazoea ya kazi, mstari kwa mstari. Zaidi ya theluthi ya fungu lile ilikuwa mimi.

Mwaka wa kwanza nilipotoka, fungu lilimfikisha Mama Desemba. Baba alinionyesha ile taarifa kama mtu anayeonyesha ripoti ya shule. Sasa zamu ni ya mdogo wangu, anayesomea ufundi wa umeme na atakayemaliza kabla ya kufika 25. Hajafurahishwa na habari hii. Anasema yeye ni mzima, na kwamba mimi napenda karatasi. Baba amemwambia alete kitambulisho tu, maneno baadaye.

Kama familia yenu ina kadi ya kampuni, ulizeni kikomo ni cha kila mtu au cha wote. Jibu hilo hubadilisha hesabu ya nani atoke lini, na pengine kijana mwenye kipato chake afadhali atoke kabla hajafukuzwa na umri, ikiwa nyumbani kuna mzee anayeumwa.

10. Meno na macho

Haya hukosekana karibu kila mahali, au huwekwa kwa kiasi kisichong'oa hata jino moja la nyuma. Bima ya Baba ilikuwa nayo, yangu haina. Nimeacha kuyatafutia bima. Nina kijisanduku cha akiba, na kila mwaka natembelea mara moja kliniki ya meno ya hospitali kuu ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Makadara, ambako bei zake nazimudu. Miwani nimejilipia mwenyewe.